Shimo Kushoto: Wiki Moja Juu ya Baiskeli

Jumatatu

Saa kumi na moja na robo alfajiri natoka Zimmerman, hapa Nairobi, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, chakula cha mchana mgongoni. Manyunyu ya Novemba yamelowesha lami. Kazi yangu iko Industrial Area, kama kilomita 17, na Jumapili hii nina mashindano ya baiskeli huko Tigoni, upande wa Limuru. Nimeamua kuandika kila siku mpaka mbio zipite, kwa sababu watu hawaachi kuniuliza mtu wa stoo mwenye mke na watoto wawili anapata wapi saa za mazoezi. Nazipata njiani. Kwenda na kurudi ni kilomita 34, mara tano kwa wiki, na sijamlipa kocha yeyote.

Kamiti Road saa hizo ni shwari. Ukifika Roysambu mambo hubadilika: makanga wameshaamka, matatu zimesimama safu mbili, na boda wanakuja upande usio wao. Barabara ya Thika ilipokamilika 2012 tulijengewa njia ya pembeni ya miguu na baiskeli, na mahali pengine ni nzuri kweli, pana na nyoofu. Kisha inakatika. Unafika kwenye stegi unakuta imegeuka soko, au imemezwa na ngazi za daraja, na huna budi kuingia barabarani kati ya basi na ukingo. Simlaumu mama wa viazi vitamu aliyetandika gunia pale, maana na yeye hakutengewa mahali pa kuketi. Namlaumu aliyechora barabara akidhani mtu wa baiskeli huanza safari yake Kasarani na kuimalizia papo hapo Kasarani. Kule Mombasa Road magari yalijengewa barabara ya juu, kilomita 27, ikafunguliwa 2022, na baiskeli hairuhusiwi kuikanyaga. Mimi sidai kupanda huko juu. Nadai nafasi hapa chini.

Nilipoiacha Allsops na kuingia Outering nikamkuta mzee wa mkate. Mnawajua: ile baiskeli nzito ya chuma tunayoiita black mamba, kreti zimepangwa nyuma mpaka zimempita kichwa, anakanyaga taratibu bila kusimama. Baiskeli ya aina hiyo ina uzito wa kilo 20 hivi kabla hujaipakia hata mkate mmoja. Yangu ina kilo tisa. Nilikuwa natafuta upenyo wa kumpita, akashusha mkono wa kushoto kando ya paja na kidole kikaonyesha chini. Nikahamia kulia. Palikuwa na mdomo wa mtaro uliokosa mfuniko, nadhani umeshauzwa kwa watu wa vyuma vikuukuu, na ndani ni giza tupu. Gurudumu langu la mbele lingeingia lote.

Ishara hiyo mimi nilifundishwa kwenye kundi la mazoezi, mwaka wangu wa kwanza. Kidole chini ni shimo, na upande wa mkono ndio upande wa shimo. Kiganja kikipepea nyuma ya mgongo, kuna gari limeegeshwa au mtu anatembea, hama. Mkono ukiwa juu, tunasimama. Na sauti hufuata mkono: "Shimo kushoto!" "Tuta!" "Gari nyuma!" Aliye mbele husema, anayemfuata hurudia, mpaka neno limfikie wa mwisho. Nilikuwa nikiamini ni desturi yetu sisi wa mashindano. Kumbe mzee wa mkate anayo, pengine tangu mimi sijazaliwa, na hakugeuka hata kutazama kama nimemwelewa.

Nilipolingana naye nikamwambia, "Asante sana, mzee."

"Haya kijana, nenda salama."

Jumanne

Gurudumu la nyuma limeanza kugusa breki. Jioni nimepita kwa fundi wangu, pale chini ya mti kando ya Kamiti Road. Kibanda hana. Ana sanduku la mbao, beseni la maji la kutafutia pancha, na kiti cha plastiki ambacho humpa mteja.

Nataka niieleze kazi yake polepole, kwa kuwa wengi huona mikono michafu tu. Aliigeuza baiskeli ikasimamia tandiko na usukani. Akaizungusha nyuma, akaweka ukucha wa kidole gumba karibu sana na rimu bila kuigusa, akatulia. Kila mzunguko ukucha uliguswa mara moja, tik, mahali pale pale. Akatia alama ya chaki. Kisha akaanza kuzipiga spoki moja moja kwa kidole, kama mtu anayelinganisha nyuzi za nyatiti kabla ya kuimba. Zilizokaza zililia juu. Akafika kwenye moja ikatoa sauti ya chini, butu, kama mlio wa sufuria iliyojaa.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia, fundi."

"Hii ililegea kitambo. Wenzake wamekuwa wakibeba kazi yake."

Akaikaza nusu mzunguko, akazilegeza robo zile mbili zilizo jirani yake upande wa pili. Spoki za upande huu huivuta rimu huku, za upande ule huivuta kule, na gurudumu hunyooka pale tu zinapovutana sawa. Akazungusha tena. Ukucha haukuguswa. Dakika 20, shilingi 200, na hakuwa na kipimo chochote zaidi ya ukucha na sikio.

Nina neno kwa wenzangu wa mashindano hapa. Chama cha dunia cha mchezo wetu, UCI, hakiruhusu baiskeli ya mbio za barabara iwe chini ya kilo 6.8, na wapo kati yetu wanaochukua mikopo kuikimbilia namba hiyo, gramu 200 huku, gramu 100 kule, ilhali cheni haijaona mafuta mwezi mzima. Kisha mtu huyo huyo anabishana na fundi kuhusu shilingi 50. Inaniudhi sana. Maisha yako yanateremka mlima kwa kilomita 60 kwa saa yakiwa yameshikwa na spoki alizozikaza huyo mtu.

Jumatano

Leo naingia zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi ni yangu. Saa kumi na moja kamili niko njiani kuelekea juu: jela ya Kamiti, Kirigiti, Kiambu, Ndumberi, kisha Tigoni. Nataka kuikagua njia ya Jumapili.

Anayepanda kwa miguu yake mwenyewe huuona mwinuko kwa mimea. Kiambu ni kahawa. Unakanyaga, unakanyaga, migomba inapungua, baridi inaingia kwenye vidole, na baada ya kona fulani kahawa imekwisha na chai imeanza, kijani kimoja kilichokatwa sawa mpaka ukingo wa macho. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari na Limuru imepita 2,200. Kila unapopanda hewa inakuwa nyepesi. Hilo lina pande mbili: upepo haukuzuii sana kama kule chini, lakini kifua nacho kinapata oksijeni haba. Anayeishi huku akizoea, akiteremka tambarare anajiona ana pafu la tatu.

Ndiyo maana sikubali mtu anaposema mchezo huu ni wa Wazungu. Biniam Girmay ni mtoto wa Asmara, Eritrea, mji ulio juu ya mita 2,300, ndugu wa Limuru kwa kimo. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za Gent–Wevelgem kule Ubelgiji, na 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi, mpaka mwisho. Chris Froome alizaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfundisha njia za milimani akiwa mvulana ni David Kinjah, kijijini kwake Kikuyu, sio mbali na hapa ninapohema. Froome akaenda kuendesha kwa ajili ya Uingereza na kushinda Tour mara nne. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda zile mbio za wanaume za kilomita zaidi ya 260 kwenye vilima ambavyo watoto wa Rwanda hupanda na mizigo ya ndizi. Milima hiyo tunayo. Tunachokosa ni mbio za kutosha za kuwakomaza vijana, na barabara ambayo mzazi hataogopa kumwachia mtoto.

Na kila nikipanda huku namkumbuka Sule Kangangi. Alikuwa Mkenya aliyeonyesha kwamba kijana wa hapa anaweza kuwa nahodha wa timu yenye macho ya dunia. Agosti 2022 alianguka mbioni kwenye jimbo la Vermont, Marekani, akafariki. Sikuwahi kukutana naye. Siku ile habari ilipofika niliiegemeza baiskeli ukutani nikashindwa kuipanda kwa siku nne.

Sasa njia. Ni mzunguko wa kilomita 15, tutauzunguka mara nne. Mlima mmoja mrefu, tambarare fupi katikati ya chai, kisha mteremko unaoanza taratibu na kushika kasi baada ya kona yenye mikaratusi. Mita kama 80 baada ya kona hiyo kuna shimo. Nilishuka nikalipima kwa mguu: urefu wa viatu viwili, kina cha kiganja, kingo kali. Liko upande wa kushoto, pale pale ambapo baiskeli hutupwa na kona yenyewe. Ukitokea kona kwa ndani zaidi, ukabaki kulia, unalipita bila kugusa breki. Anayetoka kawaida hana budi kufunga breki.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Nikajiambia: hapa ndipo mtu anaweza kuponyoka.

Jumla leo kilomita 62. Chai ya maziwa na mandazi mawili Ndumberi, niliketi na wapeleka maziwa wanaosubiri lori. Mmoja wao aliiinua baiskeli yangu kwa mkono mmoja akacheka kwa mshangao jinsi ilivyo nyepesi.

Alhamisi

Mvua. Mvua ya kweli, ile ya kufanya mitaro ya Roysambu iwe mto. Nimepanda matatu, na kilomita 17 zimechukua saa mbili kasoro.

Nilikaa mbele karibu na dereva, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Kila matatu iliyotokea upande wa pili iliwasha taa mara mbili, naye akajibu kwa kunyanyua kidole. Baadaye akamwambia makanga afunge mlango, kuna polisi mbele. Na kweli walikuwepo. Kwa hiyo watu wa barabara hii wanajua kuonyana. Wanaonyana vizuri sana, na haraka, wakiwa na hatari moja wote. Dereva huyo huyo, dakika kumi baadaye, alimpita mtu wa mkokoteni kwa upana wa kiganja bila hata honi.

Ijumaa

Kazini tu na kurudi. Miguu imetulia.

Usiku tumepiga hesabu na mke wangu. Tairi jipya la mbele ni shilingi 3,500, na karo ya muhula ujao haijakamilika. Yeye hajawahi kunikataza baiskeli. Alichoniambia leo ni kwamba nauli ninayookoa tumekuwa tukiihesabu mara mbili: mara kama akiba, mara kama tairi. Ana haki. Nauli ya kwenda na kurudi ingekuwa shilingi 200 kwa siku, mvua ikinyesha zaidi, na kwa mwezi ni zaidi ya 4,000. Tumekubaliana nusu iende kwenye karo bila kuguswa na nusu iwe ya baiskeli, na tairi litasubiri Desemba. Nitakimbia na hili la zamani.

Watu wa mchezo huu hawapendi kuzungumzia meza ya nyumbani. Wanazungumzia mapigo ya moyo. Lakini mimi naamka saa kumi kwa sababu kuna mtu mwingine anayebaki na watoto saa hizo, anayepika githeri chungu kizima usiku wa Jumamosi akijua nitakula sahani tatu. Nikishinda kitu chochote siku moja, mlima utakuwa umepandwa na watu wawili.

Jumamosi

Binti yangu ana miaka saba na leo amejifunza kuendesha. Tulikwenda kiwanja cha vumbi nyuma ya ploti, na baiskeli ndogo ya mtumba tuliyoinunua Gikomba. Niliushika mgongo wa tandiko nikakimbia naye nimeinama mpaka kiuno kikauma.

Katikati ya kiwanja kuna kishimo kidogo ambapo watoto huchezea banoo. Kiwanja chote ni kitupu, na kila mara aliingia kwenye hicho kishimo. Mara ya nne akalia.

"Baba, kinanivuta!"

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia baiskeli huenda macho yanakotazama. Ukilikazia macho shimo, mikono inakupeleka kwenye shimo bila wewe kuiagiza. Shimo lione mara moja, ujue liko wapi, halafu tazama unakotaka kwenda. Nikasimama upande wa pili wa kiwanja, nikamwambia anitazame mimi. Akaja. Akanifikia mpaka akanigonga gotini, akaangua kicheko ambacho mtaa mzima ulikisikia.

Jioni nimeipaka cheni mafuta, nimejaza matairi, namba nimeibandika mgongoni mwa jezi kwa pini nne. Nimelala mapema, usingizi haukuja mapema.

Jumapili

Tulikuwa kama 40. Hakuna anayelipwa: walimu, mafundi umeme, askari mmoja, wanafunzi wa chuo, wanawake sita waliotuacha baadhi yetu mlimani. Ukungu wa Tigoni ulikuwa chini kiasi kwamba wachuma chai walionekana vichwa na vikapu tu. Tulianza saa mbili.

Mzunguko wa kwanza kila mtu ni shujaa. Wa pili mlima ukaanza kuchagua. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa ambaye hajawahi kukaa ndani ya kundi. Upepo ndio adui mkuu. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuushinda upepo inataka kuongezeka mara nane. Anayejibanza nyuma ya mwenzake anaokoa robo ya nguvu zake, pengine theluthi, na ndiyo maana watu wanaoshindana wanasaidiana, kila mmoja anavuta kidogo mbele kisha anapisha. Lakini ukiwa nyuma huioni barabara. Unaona tairi la mwenzako, nusu mita mbele ya lako, basi. Macho yako umemkopesha aliye mbele. Yeye ndiye anayeona kwa niaba yako.

Mizunguko mitatu tuliifanya vizuri. Kila tulipofika kwenye mikaratusi, aliyeongoza alipaza sauti, "Shimo kushoto!" na sauti ikapita nyuma, mkono kwa mkono. Mzunguko wa tatu niliyeongoza ni mimi, na nilisema. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii.

Mzunguko wa mwisho tulikuwa tumebaki watano. Juu ya mlima nilihisi miguu ambayo sijawahi kuwa nayo. Nyuma yangu alikuwa kijana wa Kinoo, kinyozi, ambaye nimefanya naye mazoezi miaka miwili, tumegawana maji na ndizi, na ndiye aliyenionyesha jinsi ya kufunga pini za namba zisipigwe na upepo. Tukaanza kuteremka. Nilijua wote wamechoka, na mtu akichoka husahau. Nilijua pia nikitokea kona kwa ndani nikakanyaga badala ya kufunga breki, nitapata mita 20, na mita 20 pale chini ni ushindi.

Nikaingia kwenye kona kwa ndani. Shimo nililiona. Mkono wangu wa kushoto ulibaki kwenye usukani. Ningeweza kusema mkono haukuweza kutoka kwa kasi ile, na watu wangenikubalia. Lakini mdomo ulikuwa mtupu. Neno lenyewe ni fupi. Nililibana makusudi, kwa sababu ukisema "shimo" unawaambia pia upande gani wa kupita, na upande huo niliutaka uwe wangu peke yangu.

Nilisikia mlio wa rimu ikigonga ukingo wa lami, mlio mkavu kama ubao unaovunjwa. Kisha kitu kikiburuzika. Kisha sauti ya mtu.

Niliendelea. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Niliendelea kukanyaga karibu kilomita moja, mbele hakuna mtu, barabara ni yangu. Pale kwenye daraja miguu ikakataa. Nikageuza.

Watatu waliobaki walikuwa wameshasimama. Mmoja alikuwa juu ya kona akiwapungia waliokuwa wakija, mkono juu, kama tulivyofundishwa. Kijana wa Kinoo alikuwa ameketi kwenye majani ya kando, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na bega moja limeshuka chini ya lingine. Mama mmoja mchuma chai alikuwa amemfunika leso yake. Mshindi alitoka kundi la nyuma, wala sikumwona akipita.

Jumatatu tena

Ni mfupa wa mtulinga. Daktari amesema wiki sita, pengine nane. Kinyozi wa mkono wa kulia, wiki nane.

Nimeomba ruhusa ya nusu siku nikaenda kumwona kwao. Dada yake alinifungulia, akanikaribisha chai, akaniita shemeji kwa utani kama afanyavyo siku zote. Chai ilinikwama kooni. Alipotoka nikamwambia kijana kila kitu: kwamba nililipima lile shimo Jumatano kwa mguu wangu, kwamba nilijua upande wa kupita, kwamba sikusahau.

Alinyamaza. Nje kulikuwa na mtu anauza mboga, akapita mtaa mzima akiita, sauti ikaishia mbali, na bado alikuwa kimya.

"Mzunguko wa tatu ulisema," akasema.

"Nilisema."

"Kwa hiyo nilikuwa nakusubiri useme."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekwenda na shilingi 4,000 kwenye bahasha, nikaiweka chini ya kikombe, akaitazama bila kuigusa. Nikamwambia jioni baada ya kazi nitakuwa nakuja kinyozini kwake kufagia na kushika pesa, amweke kijana mwingine wa kunyoa, ili wateja wasipotee. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akageuza uso dirishani. Baadaye sana akauliza, "Gurudumu liko wapi?"

Lilikuwa kwangu. Nililichukua nikalifunga mgongoni kwa mpira nikalipeleka Kamiti Road. Fundi alilizungusha mara moja tu. Halikuzunguka hata nusu, likakwama. Akalilaza magotini, akapitisha vidole pale rimu ilipobonyea, akazipiga spoki zote kwa ukucha kulizunguka gurudumu zima, moja moja. Tatu hazikutoa sauti kabisa.

"Kitovu ni kizima," akasema. "Rimu nitatafuta nyingine. Spoki nitafunga upya zote, 32. Ni yako hii?"

"Ni ya mwenzangu."

"Alianguka?"

"Alianguka, fundi. Kuna shimo sikumwambia."

Alinitazama muda kidogo, kisha akavuta kile kiti cha plastiki akanisogezea, akalifungua sanduku na kuanza kuzitoa zile spoki, kila moja akiilaza kwenye gazeti kwa mpangilio wake.